Barua Mbili za Uwanja Mmoja

(Hotuba ya wakili wa kujitegemea mbele ya viongozi wa dini, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, Mbeya, Wiki ya Sheria)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa masheikh na maimamu, baba askofu, wachungaji, mapadre na masista, ndugu zetu wa jumuiya ya Wahindu, afande mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), watendaji, wenyeviti wa mitaa, mabibi na mabwana. Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Ratiba imenipa nusu saa na salamu zimeshaanza kuila, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Waandaaji waliniomba nizungumzie uhuru wa kuabudu. Nitazungumzia uwanja. Mafaili ya migogoro ya dini yaliyopita mezani kwangu ni mengi, na sijakutana hata na moja ambalo ugomvi wake ulikuwa juu ya Mungu ni nani. Ugomvi ulikuwa juu ya uwanja, spika, tarehe na barua.

Msimu wetu mnaujua. Mvua zikianza Novemba, mpaka zije kukatika Aprili au Mei, hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimamisha jukwaa nje Mbeya hii. Kwa hiyo kila kitu kinasukumana kuanzia Juni hadi Oktoba. Mikutano ya injili ya siku saba, mihadhara, makongamano ya kwaya, Maulidi ikiangukia humo, Nane Nane pale Uyole, na kila mwaka wa tano kampeni za uchaguzi. Viwanja vyenyewe ni vilevile. Hapa tunasema Ruanda Nzovwe, Iringa wanasema Mwembetogwa, kwingine ni kiwanja cha shule ya msingi chenye magoli mawili na mbuzi wa jirani.

Nitawapa mfano mmoja. Mji siutaji wala mhusika simtaji. Mchungaji alikuja ofisini na bahasha ya kaki. Ndani kuna barua moja yenye kichwa kilichopigiwa mstari: YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFANYA MKUTANO WA INJILI. Chini kabisa pameandikwa "Nakala kwa", halafu orodha ndefu: Mkuu wa Wilaya, OCD, Mkurugenzi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Juu kulia kuna mhuri wa masjala, IMEPOKELEWA, tarehe, na saini isiyosomeka. Mchungaji aliamini kwamba mhuri ule ndio kibali. Akakodi vyombo, akabandika mabango, akaleta mhubiri kutoka mkoa mwingine. Ijumaa jioni Fuso imeshashusha spika na mabomba ya jukwaa, simu ikaita: "Mchungaji, hilo jambo lisitishe, ni maelekezo kutoka juu." Juu wapi, hakuambiwa.

Kufika Jumamosi asubuhi, mtaa mzima una jibu lake. Ni Waislamu wamepiga mkutano. Aliyeanzisha maneno hayo hajulikani mpaka leo, lakini vijana wawili nusura wapigane sokoni. Jumatatu tulipofuatilia, tukakuta uwanja ule halmashauri ilishaukodisha kwa maonyesho ya biashara wiki mbili kabla. Polisi hawakuwa wamepinga chochote. Msikitini hawakuwa wanajua hata kama mkutano ulikuwepo. Ilikuwa ratiba tu, na ratiba ile haikubandikwa mahali popote. Fedha za vyombo hazikurudi.

Nataka tuishikilie barua ile, maana kosa limejificha mle ndani. Barua moja imeomba kitu kimoja kwa watu watano, ambao kila mmoja ana mamlaka tofauti, na mwingine hana kabisa. Ukitaka kufanya mkutano wa dini kwenye uwanja wa umma katika nchi hii unaandika barua mbili. Polisi unawapa taarifa. Mwenye uwanja unamwomba ruhusa. Ukizichanganya, kila mmoja atakusukuma kwa mwenzake mpaka Ijumaa jioni.

Nianze na ya polisi, kwa sababu hiyo ina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya nyanda zetu hizi.

Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mtoto wa Ludewa, wakati huo Ludewa ikiwa mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Wengi mnamkumbuka kwa siasa na kwa maneno yake makali, na sikuja kumtangaza mtakatifu. Mwaka 1993 alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Lilikuwa na mambo mengi ndani, mgombea binafsi likiwemo, na moja lilikuwa hili: sheria ya polisi ya wakati ule ilimtaka mtu apate kibali kwanza ndipo akusanye watu au aandamane. Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu Oktoba 1994. Alisema Katiba imeshampa mwananchi uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani, ibara ya 20, na huwezi kumpa mtu uhuru kisha ukamwambia akauombe dirishani. Sharti la kibali likaanguka. Kilichobaki ni taarifa.

Ndiyo sababu leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi kinazungumzia taarifa ya maandishi, inayopelekwa kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko. Unaeleza mahali, saa na madhumuni. Ukishaipeleka unaendelea na maandalizi yako, isipokuwa upate amri ya kukuzuia. Afande OCD yuko hapa, atanisahihisha. Amri hiyo nayo haitoki hivihivi. Sheria inataka afisa awe ameridhika kwamba mkusanyiko unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama wa umma au kutumika kwa jambo lisilo halali. Asiyeridhika na amri anakata rufaa kwa Waziri.

Miaka zaidi ya thelathini imepita tangu hukumu ile, na bado masjala zetu zimejaa barua za "ombi la kibali". Sisi wenyewe tunajirudisha nyuma ya mstari ambao mtoto wa Ludewa alishauvuka kwa niaba yetu. Askari wa mapokezi akiona neno ombi, naye anajisikia ana kitu cha kukunyima. Ndivyo binadamu tulivyo.

Sasa, hiyo habari ya kuvunja amani. Hapa ndipo penye utata, na naomba tukae hapa kidogo.

Tuseme wewe huna shari. Umeleta kwaya, Biblia na kinanda. Au umeleta zafa ya Maulidi, watoto wamevaa kanzu nyeupe, dufu zinapigwa. Lakini kuna kundi la watu wanasema mkifanya tutawafanyia fujo. Azuiwe nani? Mara nyingi, nasema kwa masikitiko, anayezuiwa ni yule mwenye kinanda au mwenye dufu, kwa sababu yeye ndiye mwenye anwani na namba ya simu. Wenye fujo hawana barua ya kujibiwa.

Swali hili mahakama zimelijibu zamani. Mwaka 1882, katika mji wa Weston-super-Mare, Uingereza, Jeshi la Wokovu walikuwa wakiandamana Jumapili kwa nyimbo na ngoma zao. Kukazuka genge likijiita Jeshi la Mifupa, kazi yake ni kuwapiga na kuwatawanya. Mahakimu wa mji wakawawekea dhamana ya kutunza amani Jeshi la Wokovu, siyo lile genge. Kesi ilipopanda juu, Beatty dhidi ya Gillbanks, majaji wakasema mtu anayefanya jambo halali hawezi kugeuzwa mkosaji kwa sababu tu anajua kuna wengine watafanya jambo haramu kumzuia. Hukumu ile bado inasomwa katika vyuo vya sheria, hapa kwetu pia.

Urusi nao, mji wa Chekhov karibu na Moscow, mwaka 2002 mamlaka za mji zilimkatalia mchungaji wa kanisa dogo la kiinjili kufanya ibada kwenye bustani ya umma. Sababu: wakazi wengi ni wa dhehebu jingine, watachukia. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema mwaka 2007 kwamba uhuru wa wachache ukitegemea kupendwa na walio wengi, basi si uhuru. Hukumu ile haitufungi sisi. Lakini ile sababu mnaitambua, sivyo? Naiona kwenye barua za kwetu. "Wakazi wa eneo husika wamelalamika." Wakazi gani, wangapi, wamelalamikia nini, haisemwi.

Sisemi afande asizuie kamwe. Kuna siku tishio ni la kweli, askari ni wachache, na uamuzi wa busara ni kuahirisha. Ninachosema ni kwamba aanze na wenye fujo. Akishindwa, ndipo aseme na hawa wenye mkutano, kwa maandishi, akiwapa sababu na siku nyingine. Amri ya simu ina tabia moja mbaya: haikatiwi rufaa, kwa sababu haina karatasi.

Niende kwenye barua ya pili, ya mwenye uwanja. Hapa waumini wengi hukasirika nikiwaambia ukweli: ibara ya 19 ya Katiba inakupa uhuru wa kutangaza dini yako, haikupi uwanja. Mwenye uwanja anaweza kukukatalia kwa sababu nyingi halali. Kwa hiyo kabla hujabandika bango, jua mwenyewe ni nani.

Uwanja wa Sokoine hapa mjini ni wa Chama cha Mapinduzi. Samora pale Iringa vilevile. Watu wamezoea kuviita viwanja vya umma kwa sababu umma ndio unaojaa mle, lakini barua ya kuviomba inakwenda kwa chama, na anayekukatalia pale anakukatalia kama mwenye nyumba. Kiwanja cha shule ya msingi ya serikali ni mali ya halmashauri, kwa hiyo "mwalimu mkuu amekubali" haitoshi, hata kama mwalimu mkuu ni mzee wa kanisa lako. Ukitoka mjini ukaingia kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mtendaji peke yake, na daftari lake kwapani, siyo halmashauri ya kijiji. Samahanini watendaji, nimewaona mnavyonitazama.

Jambo la umiliki linaweza kuamua kila kitu. Mwaka 2022 nchini India, katika jimbo la Karnataka, kulikuwa na viwanja viwili ambavyo Waislamu husali sala ya Idd, na wenzao Wahindu walitaka kuviadhimishia sikukuu ya Ganesh. Kimoja kiko Bengaluru, kingine Hubballi. Kesi zote mbili zilifika ukingoni siku moja, tarehe 30 Agosti, kesho yake ndiyo sikukuu. Kwa uwanja wa Bengaluru, Mahakama ya Juu kule Delhi iliamuru hali ibaki kama ilivyo, maana yake sikukuu isifanyike pale. Kwa uwanja wa Hubballi, jaji wa Mahakama Kuu ya Karnataka alisikiliza usiku, akaruhusu. Dini zilezile, sikukuu ileile, jimbo lilelile, majibu mawili. Tofauti kubwa ilikuwa moja: Hubballi ilishaamuliwa zamani kwamba ardhi ni ya halmashauri ya mji, na Waislamu wana haki ya kuitumia kwa sala zao za mwaka. Bengaluru umiliki wenyewe ulikuwa bado unagombaniwa kati ya serikali na bodi ya wakfu. Mahakama haikupima imani ya mtu. Iliuliza hati iko wapi.

Naifahamu hamu ya kuzichukua kesi za India na kuzigeuza kuwa za kwetu. Tusifanye hivyo. Wao wana majeraha yao ya karne nyingi. Lakini lile swali la hati lichukueni, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini tuna viwanja chungu nzima ambavyo misikiti na makanisa vimetumia tangu enzi za babu bila karatasi hata moja. Siku mwekezaji akitokea, kumbukumbu ya wazee itasaidia, ila hati ingesaidia zaidi.

Na hapa niwaulize masheikh wangu jambo la kiutendaji. Sala ya Idd inategemea mwandamo wa mwezi. Tarehe haijulikani kwa hakika mpaka usiku wa kuamkia. Sasa mtu wa halmashauri anakuuliza, "Unataka uwanja tarehe ngapi?" Unajibu, "Inshallah kati ya hii na hii." Anaandika moja, mwezi unaandama siku ya pili, na siku ya pili uwanja una jukwaa la injili. Nimeona wanaume wamekunja mikeka wanarudi nyumbani. Dawa yake ni nyepesi: barua itaje siku zote mbili na iombe zote mbili zishikiliwe, ya ziada iachiwe asubuhi. Na wachungaji, mkitakiwa kumaliza siku moja mapema kwa ajili hiyo, malizeni. Sala ya Idd ni ya asubuhi na haichukui muda mrefu. Saa nne uwanja mnao.

Ikishindikana, je, twende mahakamani? Nitakuwa mkweli, ingawa huku ndiko ninakopatia ugali wangu. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 halmashauri nazo zimo humo. Siku tisini! Pasaka imepita, Pentekoste imepita. Kuna njia ya kuomba zuio la muda Mahakama Kuu wakati notisi inaendelea, mawakili tunaliita Mareva, na kuna njia ya mapitio ya mahakama, yaani jaji kupima kama uamuzi wa mamlaka ulifuata sheria, ambayo huanza kwa kuomba ruhusa ya kufungua. Vilevile kuna shauri la kikatiba la haki za msingi. Zote zipo, Mahakama Kuu ina kanda hapa Mbeya na Iringa, na majaji wanasikiliza maombi ya dharura. Lakini zote zinaanza na swali moja: uamuzi unaoulalamikia uko wapi? Kama ulikuwa simu ya Ijumaa jioni, nitahangaika nusu ya kesi kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Kwa hiyo ukipigiwa simu, andika barua siku hiyohiyo: "Rejea maelekezo yako ya simu ya leo saa kumi na moja jioni." Peleka, gongewa mhuri. Karatasi hiyo ndiyo nitakayoanzia kazi.

Niguse kidogo yanayosemwa jukwaani, kwa sababu kuna viwanja vinavyokataliwa kwa hofu ya maneno. Mwaka 2000 huko Morogoro mhadhiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, alishtakiwa kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ikampa miezi kumi na minane. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia. Kutangaza mafundisho ya dini yako, hata yanapopingana na ya jirani, hakujawa kosa. Kosa linahitaji nia ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Wakristo mnaohubiri kwamba njia ni moja tu, hukumu hiyo inawalinda ninyi pia. Ila msomaji makini ataona mahakama haikufungua mlango wa matusi. Kukejeli ibada ya watu kwa spika nane zilizoelekezwa kwenye msikiti wao saa ya Magharibi, hapo sitakutetea kwa moyo mkunjufu, na ada yangu itapanda.

Spika nazo zina kanuni zake za kelele, za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira. Hazibagui dini, na baa zimo.

Namalizia na ombi kwa ndugu zetu wa Jiji na halmashauri za jirani. Wekeni daftari la viwanja. Liwe ofisi ya kata, kurasa wazi, mtu yeyote akifika aone uwanja huu tarehe hii umechukuliwa na nani, aliomba lini, alijibiwa lini. Aliyetangulia kuomba atangulie kupata, isipokuwa siku za sikukuu kubwa, ambazo zijadiliwe mapema, mwezi wa tano, pande zote zikiwa mezani kama leo. Anayekataliwa aandikiwe ndani ya siku saba, sababu zikiwemo. Polisi wapewe nakala ya daftari hilo kila wiki, ili OCD asipate habari ya mkutano kupitia bango. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo, na gharama yake ni daftari la kaunta na kalamu iliyofungwa kwa kamba isiibwe.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na nimeiba dakika za chai. Nipo tayari kwa maswali. Aanze mama mchungaji pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja Fuso.